Nani Kagusa?

Ndugu msomaji, liko swali moja ambalo kila fundi huliuliza kabla hajashika bisibisi. Fundi redio huliuliza. Fundi cherehani huliuliza. Hata daktari huliuliza kwa lugha yake ya upole anapotaka kujua jana ulikula nini. Swali lenyewe ni hili: kabla kitu hakijaharibika, nani alikigusa, na aligusa nini?

Ni swali jepesi, na mara nyingi jibu lake ni jepesi vilevile. Kinachokuwa kizito ni mdomo wa yule mwenye jibu. Mimi nimewahi kuwa na mdomo huo. Na kwa kuwa sisi tunaoandika katika kurasa hizi tunapenda sana kuwahukumu wahusika wetu, leo nimeona nimpandishe kizimbani mhusika ninayemfahamu kuliko wote. Shitaka lake ni moja tu: mtu akinyamaza kuhusu jambo ambalo hakuna aliyemwuliza, je, amesema uongo?

Mimi siwezi kuwaza bila kisa, kwa hiyo nianze na kisa.

Mwaka 2023 nilikuwa nafanya kazi katika steshenari moja ndogo Mbagala, hapa Dar es Salaam. Bado nipo hapohapo. Duka lenyewe ni chumba kimoja chenye mashine ya fotokopi, printa, na kompyuta moja ya mezani iliyochoka. Tulikuwa wawili. Asubuhi alikuwa anafungua kijana ambaye mtaa mzima ulimwita Dogo. Mimi nilishika zamu ya mchana mpaka usiku. Mwenye duka, ambaye sote tunamwita Mama, alikuwa anapita jioni kuchukua hesabu.

Dogo alikuwa amemaliza kidato cha nne mwaka mmoja kabla. Kompyuta hakufundishwa na mtu, alijifunza kwa kuchungulia. Printa ikila karatasi, mimi huipiga kofi. Yeye alikuwa anaifungua ubavuni, anatazama vigurudumu vyake, kisha anakueleza kwa nini imekula. Alikuwa na hizo "kwa nini" zake mpaka unachoka.

Mimi nami nilikuwa na siri yangu. Baada ya kufunga duka nilikuwa nabaki ndani saa moja au mbili, mlango nimeurudishia, nachapa riwaya yangu ambayo mpaka leo haijaisha. Mama alijua nachapa, na aliniruhusu. Asichokijua ni kwamba nilikuwa pia naingia intaneti kwa bando la duka, nasoma hadithi za watu na kutazama picha za miji ambayo wahusika wangu wanatembea lakini mimi sijafika. Bando la wiki likaanza kufa Jumatano. Siku moja Mama akauliza, "Hivi hili bando linakwenda wapi?" Nikamwambia labda bei zimepanda. Huo ulikuwa uongo wa kawaida, wenye maneno, na hauna haja ya mjadala.

Hapo ndipo nilipopata ujanja. Si unajua, katika ukurasa wa intaneti maandishi hayali kitu. Wanaokula bando ni picha na video. Kivinjari cha kwanza kabisa, alichokitengeneza Tim Berners-Lee mwaka 1990, kilikuwa hasa cha kusomea maandishi. Mwaka 1993 Marc Andreessen na Eric Bina, huko Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, wakatoa Mosaic, ambayo iliweka picha ndani ya ukurasa uleule pamoja na maandishi, na watu wakaifurahia mno. Lakini enzi hizo intaneti ilipita kwenye waya za simu, ikitambaa kama konokono, kwa hiyo vivinjari vya wakati ule viliwekewa mahali pa kuzimia picha. Nikajiambia, kama wazungu walizima picha kwa ajili ya waya, mimi nashindwaje kuzima kwa ajili ya bando?

Kompyuta yetu ilikuwa na Firefox. Juu, pale unapoandika anwani ya ukurasa, ukiandika about:config unaingia chumba cha nyuma cha kivinjari hicho, chenye maelfu ya mistari ya mipangilio. Mlangoni kuna onyo. Kwa miaka mingi onyo hilo lilikuwa la utani kidogo: lilikutisha kwamba unaweza kupoteza dhamana, kisha likakupa kitufe cha kubonyeza kinachosema kwa Kiingereza kwamba utakuwa mwangalifu, unaahidi. Siku hizi maneno yamekuwa makavu zaidi, unakubali hatari na kuendelea. Mimi nilikubali hatari, nikaendelea. Nikatafuta mstari uitwao permissions.default.image. Thamani yake ilikuwa 1, maana yake picha zote ruhusa. Nikaandika 2. Nikafungua ukurasa wowote, nikakuta umekuwa kama nyumba iliyohamwa: maandishi yapo, lakini mahali pa picha pamebaki vyumba vitupu.

Nilikuwa nimekusudia kila usiku niirudishe ile 1 kabla sijazima kompyuta. Usiku wa kwanza nilirudisha. Wa pili nilirudisha. Usiku wa tatu mlinzi wa mtaa aligonga mlango kuuliza kuna nani, nikazima haraka haraka, nikaenda zangu kulala.

Kesho yake asubuhi, mimi nikiwa bado kitandani, alifika dukani mama mmoja na vyeti vya binti yake vya kuombea nafasi ya chuo. Dogo akaviskani, akajaza fomu kurasa zote. Mwisho wa fomu palikuwa na kile kipicha chenye herufi zilizopindapinda, unazisoma na kuziandika ili mtambo uamini kwamba wewe ni binadamu. Pale pa kipicha palikuwa peupe. Fomu ikakataa.

Nataka nieleze vizuri alichofanya Dogo, kwa sababu ndiyo roho ya jambo hili. Dogo hakubahatisha. Kwanza alidhani mtandao uko chini, dhana nzuri kabisa, kwa kuwa mtandao ukiwa dhaifu picha ndizo huchelewa. Akatia bando la pesa yake mfukoni. Haikusaidia. Akazima kompyuta na kuiwasha. Haikusaidia. Akafuta akiba ya kurasa na kuki, vile vipande vya kumbukumbu ambavyo tovuti huviweka katika kompyuta yako ili ikutambue ukirudi. Hilo nalo ni jambo ambalo fundi yeyote angelifanya. Picha hazikurudi, ila kurasa zote zilizokuwa wazi zikajifunga, pamoja na barua pepe ya Mama, ambaye neno lake la siri alikuwa amelisahau zamani. Akajaribu kivinjari kingine kilichokuwamo. Kilikuwa cha kizamani, fomu ikakikataa. Akaiwasha Firefox katika ile hali maalumu ya kutafutia hitilafu, ambamo vikorokoro vyote vilivyopachikwa juu yake huzimwa kwa muda. Peupe palepale.

Mwisho akaiondoa Firefox yote, akaipakua na kuiweka upya. Na hapa ndipo alipochanganyikiwa, maana ilirudi mpya na ugonjwa wake uleule. Asichokijua ni kwamba mipangilio ya mtu haikai ndani ya programu. Inakaa pembeni, katika folda ya mtumiaji, ndani ya faili liitwalo prefs.js, na faili hilo huhifadhi yale tu yaliyotofautiana na ya kiwandani. Ukiondoa programu, folda inabaki. Ni sawa na kubomoa kibanda na kujenga kipya, kisha ukamrudisha ndani mpangaji yuleyule na tabia zake.

Siku ile ya kwanza mimi sikuhusika na lolote. Niliposhika zamu nilisikia habari ya fomu, nikasema mtandao huo, na kwa kweli nilikuwa nimesahau. Siku ya pili niliwahi kidogo, nikasimama nyuma ya kiti cha Dogo. Nikakiona kile kisanduku cheupe. Vidole vyangu vikakumbuka kabla ya kichwa.

Dogo akageuka. Pembeni yake palikuwa na karatasi aliyoandika yote aliyojaribu, moja baada ya jingine, kila moja limekatwa mstari. Akasema, "Kaka, nadhani mimi kompyuta siijui."

Nikamjibu kwa neno moja tu. "Pole."

Lilikuwa neno la kweli tupu. Nilimwonea huruma kutoka moyoni.

Mpango wangu ulikuwa ningoje usiku, niirudishe ile 1 kimyakimya, asubuhi kila kitu kiwe sawa, Mungu ni mwema. Lakini alasiri ile Mama alikuja na fundi. Fundi akauliza lile swali: "Nani alikuwa anaitumia?" Mama akamwonyesha Dogo kwa kidevu. "Huyu ndiye anashinda nayo." Dogo, kwa uaminifu wake wote, akataja kila alichogusa: nimefuta kuki, nimeondoa programu, nimeweka upya. Fundi akatikisa kichwa. "Basi ndiye aliyeiharibu." Mimi nilikuwa pale napanga karatasi za fotokopi ambazo zilikuwa zimepangwa tayari.

Fundi akapiga windo upya. Akachukua shilingi 20,000. Barua za wateja, wasifu wao wa kuombea kazi, skani za vyeti, vyote vilivyokuwa ndani vikaenda. Riwaya yangu ilikuwa kwenye flashi, ndani ya mfuko wa suruali, salama salimini. Mama wa watu alikwenda duka jingine mjini akalipa upya. Dogo alikatwa zile 20,000 kwenye mshahara, na alipodai kwamba hakuharibu yeye, akaambiwa ana mdomo. Mwisho wa wiki hakuwepo.

Sasa, ndugu msomaji, tumsikilize mshitakiwa anavyojitetea, maana hata mwizi hupewa nafasi.

Utetezi wake wa kwanza ni kwamba hakuulizwa. Anasema uongo una masharti yake: lazima kuwe na swali, au angalau kauli. Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant, ambaye hakuna aliyekuwa mkali kumshinda katika jambo hili, aliandika insha mwaka 1797 akishikilia kwamba hata muuaji akikugongea mlango na kukuuliza rafiki yako amejificha wapi, huna haki ya kumwambia uongo. Mshitakiwa wangu anacheka. Anasema hata Kant na ukali wake alikuwa anasemea mtu aliyeulizwa na akajibu. Mimi nani aliniuliza? Fundi aliuliza "nani", Mama akajibu. Mimi nilisema "pole" tu.

Utetezi huu ulinitosha kwa siku kadhaa. Kilichouvunja ni kuiwaza ile nafasi niliyosimama. Watu wakiwa ndani ya daladala, kila mmoja kimya, hakuna anayedanganya. Lakini tuseme abiria mmoja amepoteza pochi, na wote wanainama kutafuta chini ya viti, nawe unainama pamoja nao, ilhali pochi umeikalia. Hujasema neno. Je, hujasema kitu? Mgongo wako ulioinama unasema, "Hata mimi sijui ilipo." Kutafuta pamoja na watu ni kauli. Anayeingia katika kundi la watafutaji anatoa habari kwamba jibu halimo mfukoni mwake. Hivyo basi nilipopanga zile karatasi zilizokwisha kupangwa, na uso wangu wa mtu asiyehusika, nilikuwa nasema uongo kwa mwili mzima. Mdomo peke yake ndio uliokuwa msafi.

Utetezi wa pili ni udogo wa kosa. Moja kuwa mbili! Tarakimu moja! Hakuna aliyeibiwa, hakuna aliyepigwa. Na kweli, ningekuwa nimesema siku ile ya pili, dawa yake ilikuwa ya sekunde kumi: katika chumba kile cha nyuma, mstari uliobadilishwa huandikwa kwa herufi nene, na mwisho wake kuna kijishale cha kuurudisha ulivyokuwa. Unabofya, kwisha kazi.

Lakini kumbe ukubwa wa kosa la namna hii haupimwi kwa kilichoguswa. Unapimwa kwa umbali ambao wenzako watatembea wakikitafuta. Kosa lililotajwa ni dogo. Likifichwa, kila mtu anaanza kulitafuta mahali lisipo, na kila anapotafuta anabomoa kidogo: hapa neno la siri la Mama, pale barua za wateja, pale mshahara wa mtu. Wahenga waliposema mficha maradhi kifo humuumbua walimfikiria mgonjwa mwenyewe. Nadhani hawakuwa na kompyuta ya watu wawili. Humo mmoja huficha maradhi, na mwingine ndiye anayeumbuka.

Utetezi wa tatu ndio ninaouheshimu zaidi, nao nilisikia vijana wenzangu wakiutoa nilipowasimulia kisa hiki. Rafiki mmoja aliniambia, "Bwana, ukweli ni anasa ya mwenye mshahara mkubwa. Wewe una kodi ya chumba. Ungesema, ungefukuzwa wewe. Ndiyo ungefurahi?" Sitaki kuujibu utetezi huu kwa jeuri, maana kodi ya chumba nilikuwa nayo kweli, na hofu niliyokuwa nayo haikuwa ya kubuni. Kusema "niligusa" kulikuwa na maana ya kusema pia "usiku nilikuwa natumia bando lako, na siku ile uliponiuliza nilikudanganya." Ukweli mmoja ulikuwa umefungwa kamba na mwingine.

Ila rafiki yangu amesahau kwamba bei ile ililipwa. Haikufutwa. Ilihamishwa jina tu, ikaandikwa kwa mtu aliyekuwa na mshahara mdogo kuliko wangu. Nami nimeanza kuona kwamba mara nyingi tunaposema maskini hawezi kumudu ukweli, tunamaanisha kwamba amempata maskini mwingine wa kuulipia.

Limebaki jambo la ule mpango wangu wa usiku. Wengi watasema hapo kosa lilikuwa ni kuchelewa tu. Ningewahi kuirudisha ile 1 kabla ya fundi kuja, kisa kingeishia hapo, na hakuna ambaye angeumia. Nami niliamini hivyo kwa muda mrefu. Sasa siamini. Hebu fikiri Dogo anakuja asubuhi, anawasha kompyuta, picha zimejaa tele. Atahitimisha nini? Atahitimisha kwamba ukiweka programu upya lazima uiache ilale usiku mmoja. Au kwamba kuki huchukua siku mbili kufutika. Au kwamba mitambo hii ina majini yake. Kijana yule wa "kwa nini" angebeba elimu ya uongo, na angeifundisha wengine kwa moyo mweupe. Ningekuwa nimeitengeneza mashine na kumharibu mtu.

Mwaka 1947 huko Marekani, katika Chuo Kikuu cha Harvard, kulikuwa na mtambo wa kukokotoa ulioitwa Mark II, mkubwa wa kujaza chumba. Tarehe 9 Septemba ukakorofisha. Waliokuwa zamu wakatafuta, wakakuta nondo, mdudu yule wa usiku anayependa taa, amenasa ndani ya swichi. Wangeweza kumfyatua kwa kidole na kuendelea na kazi. Hawakufanya hivyo. Walimbandika kwa utepe wa gundi katika daftari la kazi, wakaandika na saa, wakaongeza utani kwamba ndiye mdudu wa kwanza kuonekana kwa macho, kwa sababu neno "mdudu" kwa maana ya hitilafu lilikuwepo tayari katika lugha ya mafundi wao. Daftari lile limehifadhiwa katika makumbusho ya taifa hilo mpaka leo, na nondo wake. Nikiwaza habari hii, kuonekana kwa mdudu hakunishangazi sana. Nalishangaa lile daftari. Watu wale walielewa kwamba mashine kupona ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni yule atakayeingia zamu kesho kujua ilikuwa inaumwa nini.

Mimi nilimfahamu nondo wangu kwa jina, na nilipanga kumtupa dirishani usiku.

Wiki tatu baadaye nilikwenda kumtafuta Dogo. Nilimkuta stendi, amepanga kava za simu juu ya kitambaa. Nikamweleza kila kitu, kuanzia bando mpaka zile karatasi nilizokuwa nazipanga. Nikampa shilingi 20,000. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Hakunitukana. Alikaa kimya, akamuuzia mteja kava moja, akarudisha chenji, kisha akaniuliza, "Kaka, kwa hiyo nilivyokuwa natafuta, nilikuwa natafuta sawasawa?"

Nikamwambia ndiyo. Ulikuwa unatafuta sawasawa kabisa.

Akasema, "Mimi nilijua sina kichwa. Ile kozi ya ufundi kompyuta niliyokuwa nadunduliza ada yake, niliacha. Nikasema kitu kidogo hivi kimenishinda, nitajisumbua nini."

Ndugu msomaji, nilikuwa nimeorodhesha hasara zote za kisa kile, mpaka nauli ya yule mama. Hii sikuiorodhesha. Nilidhani nimemnyima Dogo kazi. Kumbe nilimnyima kitu alichokuwa anafanyia kazi hiyo, yaani imani yake kwamba akiwaza vizuri atafika. Kila hatua aliyochukua ilikuwa sahihi, na kila moja ilimfikisha ukutani, kwa sababu mtu aliyekuwa na ufunguo alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake akimwambia pole. Mwenye akili ukimficha sababu, unamfanya mjinga mbele ya macho yake mwenyewe. Hapo ndipo nilipopata jibu la swali langu. Ndiyo, kunyamaza kule kulikuwa uongo, tena mbaya kuliko ule wa bando. Ule wa bando ulimdanganya Mama kuhusu bei. Huu ulimdanganya mtu kuhusu kichwa chake.

Kutoka stendi nilikwenda moja kwa moja kwa Mama nikasema. Na hapa kisa kinapata mkia ambao mpaka leo sijajua niukate au niuache. Mama hakunifukuza. Alinyamaza kidogo, akasema, "Angalau umesema mwenyewe." Wiki ile alinisifu mbele ya wateja kwamba vijana wakweli wamebaki wachache. Yaani Dogo, aliyesema kweli siku ile ile, alipoteza kazi. Mimi, niliyesema baada ya wiki tatu, nikapata sifa. Mama alituma ujumbe Dogo arudi. Dogo akajibu kwamba anashukuru, kava zinalipa. Je, nilipaswa kuondoka nami? Sijui. Nimebaki, na kodi nimelipa.

Firefox ina njia moja ya kuirudisha katika usafi wake. Inaondoa mipangilio uliyoichokonoa na vikorokoro ulivyopachika, inakuachia vitu vya thamani kama maneno yako ya siri na kurasa ulizoziwekea alama. Lakini ukiitumia, juu ya meza ya kompyuta inakuachia folda yenye jina la Kiingereza lenye maana ya data za zamani. Haiwi kana kwamba hukuwahi kugusa. Mimi nadhani msamaha wa kweli unafanana na hivyo. Unaanza upya, na folda ya zamani iko pale juu ya meza, unaiona kila unapowasha.

Kwenu wenzangu mnaoshika kalamu nina neno moja la kazi yetu. Sisi tunaishi kwa kuficha sababu. Sura ya kwanza mtu kafa, sababu tunaifungia mpaka sura ya mwisho, na msomaji anatulipa kwa hilo. Lakini msomaji amekubali kutafuta, na anajua kwamba mwisho atapewa. Hilo ndilo linalotofautisha ufundi na udanganyifu. Dogo hakukubali mchezo wowote, na kama si yeye kupatikana stendi, ukurasa wa mwisho asingeupata. Tusije tukazoea kuficha mezani mpaka tukafanya hivyo na majirani.

Dukani sasa kuna daftari la kurasa mia, limefungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza ya kompyuta. Lina safu nne: tarehe, saa, nimegusa nini, jina. Kijana mpya wa asubuhi alipoanza kazi aliniuliza la nini, nikamwambia asome mstari wa kwanza. Mstari huo niliuandika mimi, kwa tarehe ya nyuma, na jina langu ni kamili.